Chokaa ya Shangazi

Watu wanaoingia kwenye jumba langu la makumbusho huuliza mambo mawili: choo kiko wapi, na kama kuna kingine cha kuona kisiwani. Choo nawaonyesha. La pili nimelijibu kwa uongo miaka thelathini na moja. Nawaambia hakuna, kisiwa chenyewe kidogo, mnavyotuona ndivyo tulivyo: vyumba viwili, mitungi, na yule simba wa jiwe asiye na pua. Huku najua fika kwamba kilomita nne kutoka bandarini, juu kijijini kwetu, kwenye ua wa jirani yangu Anezina, amesimama mwanamke wa marumaru ambaye simba wangu hastahili kulegeza gidamu za viatu vyake.

Mimi ni Frangula, mlinzi. Serikali ya Ugiriki inanilipa nilinde mawe ya kale, na sheria inasema anayejua lilipo jiwe la kale atoe taarifa. Sikutoa. Ningetoa, wangekuja na meli wakamchukua, na Anezina angenishukia na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Isitoshe, ukimtazama tu huwezi kujua kwamba ni kitu cha kale. Kichwa hana, kilianguka zamani hizo hata bibi zetu hawakukikuta. Na mwili wote umepakwa chokaa.

Kwetu kila kitu hupakwa chokaa katika wiki ya kabla ya Pasaka. Kuta, ngazi, mashina ya miti, mdomo wa kisima, makopo ya mrehani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kumpaka kobe aliyelala njiani, na kobe yule aliishi miaka mingi baadaye akiwa mweupe mgongoni. Nyumba isiyopakwa ni nyumba ya msiba. Aliyefiwa na mtoto au mume hapaki mwaka wa kwanza, na wengine hawapaki mpaka mwaka wa tatu upite. Kwa hiyo siku ya Ijumaa Kuu, maandamano ya kanisa yakipita vichochoroni na jeneza la Kristo lililofunikwa maua, huhitaji kuuliza. Unaona ukuta wa kijivu, unapunguza sauti.

Huyo mwanamke wa marumaru naye hupakwa. Tunamwita Shangazi, maana amesimama mkono kifuani kama anayengoja kuulizwa kwa nini hakuolewa. Chokaa juu ya chokaa, vizazi na vizazi, mpaka mikunjo ya gauni lake ikapotea, akabaki kama gunia la unga lililosimamishwa.

"Kila Pasaka ananenepa," Anezina hupenda kusema. "Mimi nakonda, yeye ananenepa, na wote tunafunga mfungo uleule."

Anezina ana miaka themanini na sita. Nyumba alipewa na mama yake alipoolewa, kama ilivyo desturi ya huku, na brashi ya chokaa alikabidhiwa siku hiyohiyo. Nyumba ilikuwa iende kwa binti yake, lakini binti alifariki kwa homa akiwa kijana, akaacha mtoto wa miaka minne, Kaliroi. Anezina akamlea mjukuu. Nilikuwa nikiwasikia wakibishana ng'ambo ya ukuta toka asubuhi mpaka jioni, mmoja mzee mmoja mdogo, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Wakati wa chokaa walikuwa na mgawanyo wao wa kazi: bibi anapaka mbele ya Shangazi, mjukuu anapaka nyuma. Shangazi amesimama karibu mno na ukuta wa ua, pamebaki upenyo wa kupita paka. Kaliroi alikuwa mwembamba kama uzi, akijipenyeza humo na kopo lake, akitoka na nywele nyeupe.

Alipotimiza miaka kumi na minane Anezina alimwekea ufunguo wa nyumba mezani. Kaliroi akausukuma nyuma. Nilisikia, na kijiji kizima kilisikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Alisema hataki nyumba, anakwenda Athene kusoma, na hana nia ya kukaa kumpaka jiwe chokaa maisha yake yote. Kaliroi akaondoka mwezi wa tisa. Amekuwa akirudi kila Agosti kuanzia mwaka uliofuata, siku nne, siku tano, na zawadi ya sabuni nzuri, kama mgeni mwenye adabu. Pasaka hajawahi kuja hata moja. Mabishano ng'ambo ya ukuta yaliisha, na nasema kweli, niliyakosa.

Sasa mwaka huu mtalii mmoja mwenye miguu mirefu alipotea akitafuta njia ya ufukweni, akaruka ukuta wa Anezina, akampiga Shangazi picha. Picha ikamfikia profesa fulani, profesa akaandika barua, barua ikafika ofisi ya mambo ya kale kwenye kisiwa kikubwa. Ofisi ikamtuma mtaalamu wake aliyezaliwa huku. Ndiyo, Kaliroi. Miaka thelathini na sita sasa, miwani, buti za kazi, na sauti ya mtu aliyezoea kuwaelekeza vibarua.

Alishuka melini Jumatatu ya Wiki Kuu na sanduku jipya la mbao, refu kama mtu. Sideris, mwenye duka la kahawa, ndiye pia mwenye gari la mizigo, kwa hiyo yeye ndiye aliyetupandisha mlimani, mimi katikati.

"Tunamzika nani?" akauliza, akiangalia sanduku kwenye kioo.

"Hatumziki mtu, Bwana Sideris. Ni sanduku la kazi."

"Refu."

"Ni la Shangazi."

Sideris akanyamaza njia nzima, na huyo ni mtu anayeongea hata akiwa anapigwa mswaki na daktari wa meno. Walipolishusha uani, kuku wa Anezina wakaja kulikagua.

Anezina alimbusu mjukuu wake mashavu yote mawili, akalitazama sanduku, akaingia jikoni kuweka kahawa. Tuliketi watatu. Kaliroi hakuzungusha maneno, na kwa hilo nilimheshimu.

"Bibi, natakiwa kuandika ripoti. Nikikuta chokaa inalila jiwe, Shangazi anaondoka na meli ya Jumamosi. Nikikuta haimdhuru, anabaki hapa hapa, na ofisi itafuata nitakavyosema."

"Anaondoka kwenda wapi? Kwa Frangula?"

"Kwa Bi Frangula hapana nafasi. Atakwenda ghalani, kisiwa kikubwa."

Hilo ghala nalijua. Nilipelekwa mara moja kwa mafunzo. Ni rafu mpaka darini, mkono huku, mguu kule, kila kimoja na namba yake, na ukitoka wanazima taa. Niliwaza Shangazi amelazwa mle na mkono wake kifuani, nikaweka kikombe chini.

"Na wewe unadhani utakuta nini?" Anezina akauliza.

"Tulifundishwa kwamba chokaa inaliziba jiwe pumzi."

"Na aliyekufundisha, aliwahi kupaka?"

"Bibi."

"Nauliza tu, mwanangu, macho yangu. Kunywa kahawa, inapoa."

Kisha Kaliroi akanigeukia. "Na wewe Bi Frangula, mlinzi wa serikali, miaka yote hii hukumwona?"

"Nina mtoto wa jicho," nikasema. Jicho langu ni zima na yeye alijua.

Jumanne alipima, akapiga picha, akaandika. Jumatano asubuhi nikasikia ng'ambo ya ukuta sauti ya mabishano niliyokuwa sijaisikia kwa miaka kumi na saba, nikavaa viatu haraka nikaenda kuchungulia, sioni haya kusema. Anezina alikuwa amekwisha kuipaka nyumba, ngazi na kisima tangu alfajiri. Sasa alikuwa amesimama na ndoo yake, chokaa imekorogwa vizuri na chembe ya buluu ya kufulia ndani yake ili iwe nyeupe zaidi, na Kaliroi amesimama mbele ya Shangazi mikono imetanuliwa.

"Usiguse, Bibi. Sasa hivi ni mali iliyo chini ya uchunguzi."

"Ilikuwa chini yangu."

"Najua."

"Keshokutwa watu wanapita hapa na jeneza la maua. Wataona nyumba nyeupe, Shangazi wa kijivu. Wataniuliza nani amekufa. Niwaambie nani?"

"Waambie ni serikali."

"Serikali haifi," Anezina akasema. "Ingekuwa inakufa tungejua."

Kaliroi alitaka kucheka, nilimwona, lakini hakusogea. Basi Anezina akaweka ndoo chini. Akakaa ukingoni mwa kisima, akafuta mikono kwa aproni, polepole sana.

"Niambie kitu kimoja, mwanangu, na usinipake mafuta. Mama yangu alimpaka, na mimi nimempaka miaka sitini na kitu. Nilidhani namtunza. Je, nilikuwa namuua?"

"Sijui bado, Bibi."

"Lakini unadhani."

Kaliroi akatazama ndoo badala ya bibi yake, na hilo likawa jibu. Anezina akabeba ndoo yake nzito akaingia nayo ndani, hakutaka kusaidiwa. Siku ile sikumsikia tena. Nilikaa jikoni kwangu nikiwa na hasira na Kaliroi, halafu hasira na mtalii, mwishowe nikajikasirikia mwenyewe, kwamba kama ningetoa taarifa miaka thelathini iliyopita mambo yangekwisha zamani na asingekuwepo mzee wa kuuliza swali kama lile.

Alhamisi nilifunga makumbusho mapema, hakuna aliyelalamika, nikapanda kijijini. Anezina alikuwa jikoni akichemsha mayai ya Pasaka kwenye maji ya maganda ya vitunguu na rangi nyekundu, mikono imekolea wekundu mpaka vifundoni. Nikaenda uani.

Kaliroi alikuwa amelala kifudifudi kwenye upenyo wa nyuma, buti zake tu ndizo zinaonekana. Alikuwa amechagua mahali pale makusudi, kwa sababu hapapigwi na mvua na chokaa yake haijawahi kubanduka. Kwa kijisu chembamba kama cha daktari wa upasuaji alikuwa amekata kidirisha kidogo, ukubwa wa stempu ya barua, akishuka ngazi kwa ngazi ndani ya chokaa.

"Bi Frangula, una macho leo au una mtoto wa jicho?"

"Leo nina macho."

"Njoo uone."

Akatoka kinyumenyume, nikaingia mimi nusu, tumbo langu halikuruhusu zaidi. Akanipa kioo cha kukuzia. Sijui nilitegemea nini. Niliona ukingo wa chokaa iliyokatwa, tabaka juu ya tabaka, nyembamba, kama pai ya Pasaka ya dada yangu ambayo ina karatasi arobaini za unga. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Na katikati ya weupe, mahali patatu, mstari wa kijivu.

"Kila weupe ni Pasaka moja," Kaliroi akasema nyuma yangu. "Kijivu ni vumbi. Ni mwaka ambao hakupakwa, vumbi likakaa, halafu mwaka uliofuata chokaa ikalifunika."

"Basi hiyo ni misiba."

"Ndivyo ninavyofikiri. Nisaidie kukumbuka."

Tulikaa chini, yeye na daftari, mimi na vidole vyangu. Mstari wa ndani kabisa, mnene, ulikuwa wa miaka zaidi ya arobaini nyuma. Huo nikaujua mara moja: ni Mikes, mumewe Anezina, aliyezama na mashua yake Desemba, nyumba ikakaa kijivu miaka mitatu. Mstari wa katikati, mnene vilevile, Kaliroi hakuhitaji kuniuliza. Ulikuwa wa mama yake. Aliandika mwaka, akapitisha kidole juu ya mwandiko, akaendelea.

"Huu wa nje sasa," akasema. "Mwembamba, wa mwaka mmoja tu. Kuanzia juu nahesabu tabaka kumi na sita, kisha huo mstari. Yaani miaka kumi na saba iliyopita. Nani alikufa?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. "Hakuna."

"Dada yake Bibi?"

"Yule alikufa akiwa Melbourne, na ni juzijuzi. Mwaka huo hakufa mtu kwenu. Na nyumba ilipakwa, naapa, nakumbuka kwa sababu nilimwazima brashi yangu na hakuirudisha. Shangazi mwenyewe alipakwa, nilimwona mweupe kwa juu ya ukuta."

"Kwa mbele."

"Ndiyo, kwa mbele. Nyuma nani anaona?"

Kaliroi akachukua kioo akaingia tena kwenye upenyo. Alikaa huko muda. Alipoongea sauti ilitoka imebanwa na jiwe.

"Kati ya mstari wa mama na huu kuna tabaka kumi na moja," akasema. "Nene. Zimepakwa ovyo, zina michirizi, moja ina unywele wa brashi umenasia ndani. Zile kumi na sita za juu ni nyembamba, safi, mkono uleule. Lakini hizi kumi na moja si za Bibi."

Nami nilikuwa nahesabu. Msichana wa miaka minane anajipenyeza na kopo lake, mpaka msichana wa miaka kumi na minane. Ni kumi na moja.

Hakutoka. Alirudi kwenye kijisu chake, na nadhani alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya na mikono. Aliendelea kushuka, akapita mstari wa babu, Pasaka za mama yake Anezina na za waliomtangulia ambao hatuna hata majina yao. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili alipofika jiweni.

"Bi Frangula," akaita, kwa sauti ya chini. "Nenda mbele kwenye mguu wake, pale kuku walipochimba chokaa ikaanguka. Papase. Niambie pakoje."

Nikapapasa. Marumaru ilikuwa inamong'onyoka kwenye vidole vyangu kama sukari, upepo wa chumvi umeila, huwezi kusema kama pale palikuwa mguu au kabichi.

"Pameliwa," nikasema.

"Huku hapajaliwa. Huku mkunjo wa gauni una makali, unaweza kukukata. Na una rangi. Nyekundu, Bi Frangula. Rangi yake ya kwanza kabisa ipo." Akafuta kijisu. "Waliompaka sio waliokuwa wanamuua. Ni upepo. Wao ndio waliomfunika."

Nilikaa chini pale pale kwenye kinyesi cha kuku. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, na nilikwisha kulia kidogo kabla sijajizuia. Kaliroi akaketi kando yangu, akaandika ripoti kwenye goti, kurasa mbili, kisha akanisomea sehemu ya mwisho: jiwe libaki mahali pake, lisipelekwe popote, liwekwe chini ya uangalizi wa mlinzi wa makumbusho ya kisiwa, na desturi ya kulipaka chokaa iendelezwe na watu wa nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyolihifadhi.

"Mlinzi mwenye mtoto wa jicho," akaongeza, lakini hilo hakuliandika.

Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda jikoni. Nikamfuata. Mtu mwingine angebaki nje kwa heshima. Mimi nilikuwa nimesubiri miaka kumi na saba.

Anezina alikuwa akiyang'arisha mayai kwa kitambaa chenye mafuta. Kaliroi akamweleza yote, kuhusu upepo na mkunjo na rangi. Akamwambia: hukumuua, Bibi, ulimwokoa, nimeandika hivyo, na sanduku litarudi tupu. Anezina akasikiliza mpaka mwisho.

"Gauni jekundu," akasema. "Bibi yake mama yangu alikuwa akisema Shangazi ana gauni jekundu. Tulidhani mzee amechanganyikiwa." Akaweka yai kwenye bakuli, akachukua jingine. "Kwa hiyo anabaki."

"Anabaki."

"Haya. Ahsante, macho yangu."

"Bibi, kuna mwaka mmoja hukumpaka nyuma."

Anezina akaendelea kufuta yai lililokwisha kung'aa.

"Pasaka ya kwanza ambayo sikuwepo," Kaliroi akasema. "Ulimpaka mbele, nyuma ukaacha. Hakuna aliyekufa mwaka ule. Nimemuuliza Bi Frangula."

"Frangula anajua nini?"

"Sijui kitu," nikasema mlangoni.

"Nilifiwa mwaka ule," Anezina akasema. "Sasa ningewaambiaje watu, na aliyekufa yuko Athene, anasoma, anakula vizuri? Wangenicheka. Nikapaka nyumba, nikapaka kisima, nikampaka Shangazi mbele, kwa ajili ya watu. Nyuma kulikuwa kwako. Nilisema nisipaguse, huenda akaja. Nilikuwekea kopo lako pale ukutani na chokaa ndani. Ilikaa mpaka ikakauka ikawa jiwe."

Kaliroi alikuwa amesimama katikati ya jikoni na buti zake, mikono imening'inia.

"Agosti iliyofuata ukaja siku nne," Anezina akaendelea. "Nikaona, basi, huyu yu hai, ni mimi tu ninayejifanya. Pasaka iliyofuata nikajipenyeza mwenyewe nikapaka. Mgongo uliniuma mpaka Pentekoste."

"Nilisema maneno mabaya, Bibi. Kuhusu jiwe."

"Ulisema. Na sasa serikali inakulipa ukae na mawe. Mungu ana utani wake."

Kaliroi akamwinamia akamkumbatia pale kwenye kiti, muda mrefu, na alipoinuka shati lake lilikuwa na alama za vidole vyekundu mgongoni, vyote kumi. Hakulibadilisha mpaka jioni. Nami nikakumbuka kwamba nina maharage jikoni kwangu motoni, nikaondoka, ingawa maharage yalikuwa yameiva tangu saa sita.

Ijumaa maandamano yalipita. Shangazi alikuwa bado wa kijivu kwa juu, vumbi la mwaka mzima, na watu wakapunguza sauti kama kawaida. Mama mmoja akaniuliza kwa kunong'ona ni nani aliyefariki kwa Anezina. Nikamwambia ulikuwa msiba wa zamani, na unaisha kesho.

Jumamosi asubuhi Sideris alikuja kuchukua sanduku alirudishe melini. Akafungua kifuniko, akakifunga.

"Limepata wapangaji," akasema. "Kuku watatu, na mmoja analalia."

"Liache," Kaliroi akasema. "Nitaandika limeharibika."

Sideris akashuka bandarini mikono mitupu, na kwa alivyoongea njiani, kabla meli haijang'oa nanga kisiwa kizima kilikwisha kujua kwamba Shangazi ana gauni jekundu.

Basi wakaanza kupaka. Anezina mbele, amekaa kwenye kigoda. Mimi nimepewa ndoo nishike, mtumishi wa serikali. Kaliroi akajaribu kuingia kwenye upenyo wa nyuma na kopo lake. Bega likaingia, nyonga zikagoma.

"Vuta pumzi," Anezina akamwambia.

"Nimevuta."

"Vuta na hizo pai za Athene."

Akaingia, kwa kulalamika na kukwaruzika. Tukasikia brashi yake ukutani, kwenye jiwe, kisha ikatulia.

"Bibi, nilifikiri hiki kidirisha nikiache wazi. Kitaalamu kingefaa, watu waone tabaka."

"Wewe umeziona?"

"Nimeziona."

"Basi ziba."

Brashi ikaanza tena, nzito, ya ovyo, chokaa ikimwagika chini kama zamani. Hakuwa amejifunza kitu. Anezina akasimamisha mkono wake akasikiliza, uso umeinuliwa, amefumba macho.

"Na mwakani?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya vitunguu.

"Mwakani nitakonda kwanza," sauti ikajibu kutoka nyuma ya Shangazi. "Halafu nitakuja."

Anezina akachovya brashi kwenye ndoo niliyoishika, akaendelea na mbele. Mimi nikahesabu kimoyomoyo. Lile lilikuwa tabaka la kumi na mbili la Kaliroi.